Guatemala: Mgeni Hulipa Wengi, Fedha Hulala kwa Nani?

Saa kumi alfajiri Antigua bado ina giza, lakini mabasi madogo ya watalii yameshaanza kuzunguka kwenye barabara zake za mawe. Yanapita hoteli hadi hoteli yakiokota wageni. Huyu anakwenda Ziwa Atitlán, yule anaelekea Lanquín akaogelee kwenye mabwawa ya kijani ya Semuc Champey. Aliyekatiwa tiketi na mhudumu wa hoteli na aliyejikatia kwenye ofisi ya kona ya pili wanakaa bega kwa bega, na nauli zao si sawa. Tofauti yake ni kamisheni. Anayetaka kuielewa biashara ya utalii ya Guatemala, kwa maoni yangu, aanze na kiti hicho kabla ya kufika kwenye piramidi.

Fedha kubwa ya kigeni ya nchi hii hailetwi na watalii. Inatumwa nyumbani na Waguatemala wanaofanya kazi Marekani, nayo imefikia karibu moja ya tano ya pato la taifa. Mwaka 2024 walihesabiwa wageni takriban milioni 3, ila hesabu hiyo ina mambo yake: kundi kubwa kuliko yote ni majirani wa El Salvador, ambao wengi wao huvuka mpaka kwa gari na kukaa siku chache tu. Mgeni anayegombaniwa na mabasi yale ni yule aliyekuja kwa ndege, anayelala usiku kumi na kutaka kuona utamaduni na mandhari kwa mkupuo mmoja. Ni soko changa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu miaka 36, vikaua au kupoteza watu 200,000, wengi wao Wamaya, na mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 29 Desemba 1996. Vijiji vinavyopigwa picha leo kwenye milima ya magharibi ni vilevile vilivyofukia wafu wake. Mgeni anayepanga safari bila kulijua hilo atapita mbele ya mengi asiyaone.

Antigua ndiyo stendi kuu ya biashara hii. Mji ulianzishwa mwaka 1543, ukawa makao ya utawala wa Hispania kwa sehemu kubwa ya Amerika ya Kati, hadi matetemeko ya mwaka 1773 yalipouangusha. Miaka mitatu baadaye makao makuu yakahamishiwa palipo Jiji la Guatemala la sasa. Walioondoka waliacha makanisa yenye nyufa na kuta zisizo na mapaa, na magofu hayo ndiyo mtaji wa leo. UNESCO iliuweka mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Moja ya hoteli zake maarufu, Casa Santo Domingo, imejengwa ndani ya mabaki ya nyumba ya watawa wa Kidominika.

Msimu wa juu kuliko yote ni Wiki Takatifu kabla ya Pasaka, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2022. Vyumba huwekewa nafasi miezi mingi kabla, kwa bei zilizopanda. Lakini gharama za onyesho lenyewe hazitoki kwa mwenye hoteli. Familia za mtaani hununua unga wa mbao, huutia rangi, hukesha zikitandaza zulia la maua na michoro mbele ya nyumba zao, na asubuhi maandamano hulikanyaga kwa dakika chache likaisha. Wanaume waliovaa kanzu za zambarau hulipa wao wenyewe ili wapate zamu ya kubeba jukwaa la sanamu. Ni ibada, na wanaitoa kwa moyo. Mhasibu wa uchumi hata hivyo anapaswa kuandika mahali fulani kwamba mtaa unagharamia kile ambacho hoteli inakiuza.

Kuna bidhaa nyingine ya Antigua ambayo wapanga safari wengi huiruka: shule za Kihispania. Mwalimu mmoja hufundisha mwanafunzi mmoja kwa saa kadhaa kila siku, na mwanafunzi hulala na kula kwa familia ya hapo mjini. Mama mwenye nyumba ananunua maharage, mayai na mahindi sokoni, mwalimu anapata mshahara, na mgeni aliyekuwa apite kwa siku mbili anakaa wiki tatu. Quetzaltenango, mji ambao wenyeji wanauita Xela, una shule za namna hiyo na maisha ni nafuu kuliko Antigua. Mwenye muda akianza safari yake kwa wiki moja darasani, kila kinachofuata kitamgharimu pungufu, kwa sababu ataweza kuuliza bei mwenyewe.

Juu ya mji kuna biashara ya milima. Wageni hupanda Acatenango, mita 3,976, walale karibu na kilele wakitazama jirani yake, Fuego, akitema moto usiku. Waongozaji na wapagazi wengi hutoka kijiji cha La Soledad, mguuni pa mlima, na anayeijua kazi ya wapagazi wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa jinsi malipo na mzigo wao vinavyovutana. Fuego huyohuyo, tarehe 3 Juni 2018, aliufukia mtaa wa San Miguel Los Lotes na kuua mamia ya watu. Ofisi inayouza mlima huu bila kutaja kwamba una siku za kufungwa inauza hatari, na mgeni aikwepe.

Kwenda kaskazini, Petén, ni safari ya kilomita karibu 500: siku nzima au usiku mzima ndani ya basi, au saa moja ya ndege kutoka Jiji la Guatemala hadi mji wa Flores. Hapo gharama huongezeka ghafla, na ndiyo maana vifurushi vingi vya siku saba huikata Petén au huiweka kwa usiku mmoja. Tikal, mji wa Wamaya wenye mahekalu yanayochomoza juu ya msitu, lililo refu kuliko yote likiwa na mita zipatazo 65, humtoza mgeni quetzal 150, wakati raia hulipa 25. Dola moja hupata quetzal saba na senti zake, na kiwango hicho hakijayumba sana kwa miaka mingi, jambo linalomrahisishia kazi anayepanga bajeti.

Mbele zaidi ya Tikal ndiko ninakoona somo kubwa la biashara hii. Hifadhi ya Viumbe Hai ya Maya ilitangazwa mwaka 1990, ikiwa na zaidi ya hekta milioni 2, na baadhi ya maeneo yake serikali iliyakabidhi kwa vijiji kwa mikataba ya miaka 25. Carmelita ni kimojawapo. Ushirika wake huvuna mbao kwa kiasi kilichopangwa, hukusanya majani ya xate yanayouzwa nje kwa wapamba maua, na huongoza wageni kwa miguu hadi magofu ya El Mirador, mwendo wa siku tano kwenda na kurudi, mizigo ikiwa juu ya nyumbu. Wanakijiji wana mkataba, hivyo hawategemei kamisheni ya mtu. Misitu iliyo mikononi mwa vijiji hivi imenusurika moto na ukataji kuliko sehemu nyingi za hifadhi zilizoachiwa ulinzi wa serikali peke yake. Kumekuwepo mipango ya kufikisha treni ndogo El Mirador na kuongeza idadi ya wageni, na vijiji vimeipinga. Naona wana haki. Treni ikifika, mwenye nyumbu hana tena kazi, na mlango wa msitu unahamia kwa mwenye reli.

Njia ya kurudi kusini inapita Alta Verapaz, na hapa msomaji wa Muheza au Amani atasimama kidogo. Milima ile yenye ukungu, kama ya kwao, inaotesha iliki. Guatemala ndiyo inayoongoza duniani kwa kuiuza nje, ingawa wenyeji hawaitumii sana jikoni. Sehemu kubwa huishia Saudi Arabia na nchi za Ghuba, kwenye kahawa. Mmea uliletwa na mkulima Mjerumani mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja. Wengi huunganisha Ulaya, na Madrid ina ndege ya kwenda Jiji la Guatemala bila kituo. Njia ya Marekani hudai visa hata kwa anayepita tu. Cheti cha homa ya manjano kibebwe, kwa kuwa huulizwa kwa waliotoka nchi kama Kenya na Uganda. Kiangazi ni Novemba hadi Aprili. Makubaliano ya mwaka 2006 yanahesabu Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua kama eneo moja la siku 90, kwa hiyo kuvuka mpaka hakuanzishi hesabu upya.

Ziwa Atitlán limeachwa mwisho kwa sababu ndiko mkoba wa mgeni hufunguliwa zaidi. Ukishuka Panajachel, mji ulio kando ya ziwa, utapokewa na watu ambao Zanzibar wangeitwa papasi, wakikuvuta kwenye boti. Nauli mpe nahodha, na umpe ukishafika. Kijiji cha San Juan La Laguna kina vyama vya wanawake wanaosokota pamba, kuipaka rangi za majani na magome, na kufuma kwa mtande uliofungwa kiunoni. Blauzi moja ya sherehe, huipil, huweza kuchukua miezi. Kwenye soko la Chichicastenango, siku za Alhamisi na Jumapili, huipil kuukuu zilizouzwa kwa shida ya fedha hukatwa vipande na kushonwa mikoba, nayo mikoba hupata bei nzuri ng'ambo. Mwaka 2016 wafumaji wa Kimaya walifika Mahakama ya Katiba wakidai michoro yao ilindwe kama mali ya jamii nzima, si kitambaa cha mtu yeyote. Vyama kadhaa vya San Juan havikusubiri hukumu. Kila shali ina kijikaratasi kilichofungwa kwa uzi, na juu yake limeandikwa jina la aliyeifuma.