Je, Wajua? Zulia Lililotoa Ushahidi Mahakamani

Je, wajua kwamba nyuzi za zulia zilisaidia kumfunga mtu maisha? Kati ya 1979 na 1981, watoto na vijana weusi zaidi ya 20 waliuawa mjini Atlanta, Marekani. Kwenye miili kadhaa wataalamu waliokota nyuzi za nailoni za rangi ya kijani-manjano. Chini ya hadubini, kila uzi ulikuwa na umbo la ncha tatu, moja fupi kuliko nyingine, jambo lisilo la kawaida kabisa.

Februari 1981 gazeti likaandika habari za nyuzi hizo. Baada ya hapo miili ikaanza kutupwa mtoni, pengine ili maji yaondoe nyuzi. Polisi wakavizia madarajani, na Mei wakamsimamisha mtu aitwaye Wayne Williams. Zulia la nyumbani kwake lililingana na nyuzi zile. Upande wa mashtaka ulikadiria kwamba ni nyumba 1 tu kati ya 7,792 ingekuwa na zulia kama hilo. Kama zingekuwa nyuzi nyeupe za pamba, zisingesaidia kitu, kwa kuwa zimejaa kila mahali.

Mwaka 1982 Williams alihukumiwa kwa kuua wanaume wawili, watu wazima. Kwa vifo vya watoto, hakushtakiwa kamwe.