Siri za Jeshi na Baraza la Michezo ya Kompyuta

Tarehe 21 Septemba, 2013, magaidi wa kundi la Al-Shabaab walilivamia jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya. Kwa muda wa siku nne askari wa jeshi na wa polisi walipambana nao, na watu 67, raia pamoja na askari, waliuawa. Katika siku hizo wakuu wa usalama wa Kenya walilazimika kupigana vita vya pili, visivyokuwa vya bunduki. Waliwaomba wananchi wasisambaze katika intaneti picha wala habari za mienendo ya vikosi, kwa kuwa magaidi nao walikuwa na wenzao waliotangaza na kusoma habari kwa njia hiyo hiyo. Picha moja ya helikopta, iliyopigwa na mtu mwema kwa nia ya kuwatia moyo jamaa zake, ingeweza kumwambia adui mahali askari watakapotokea.

Raia anaweza kusamehewa kwa kutojua. Lakini itakuwaje ikiwa mwenye kutoa siri ni askari mwenyewe? Na itakuwaje ikiwa askari huyo hakununuliwa kwa fedha wala hakutishwa, bali alitaka tu kushinda ubishi juu ya mchezo? Mambo ya namna hiyo yamekwisha kutokea Ulaya na Marekani. Na kwa kuwa simu zile zile na michezo ile ile imekwisha kuingia katika makambi na vituo vya polisi vya Afrika Mashariki, yafaa mambo hayo yafikiriwe kabla hayajabisha hodi.

Upo mchezo mmoja wa kompyuta uitwao War Thunder. Kampuni iliyoutengeneza ilianzishwa Moscow mwaka 2002, na sasa makao yake makuu yako Budapest, Hungaria. Katika mchezo huo watu wa nchi mbalimbali hukutana kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, wakapigana vita vya kuigiza kwa vifaru, ndege na manowari. Sifa ya mchezo huo ni kwamba silaha zake zimeigwa kwa uangalifu mkubwa kutoka silaha halisi: unene wa chuma, kasi ya mwendo, nguvu ya mzinga. Kando ya mchezo lipo jukwaa la mazungumzo, ambako wachezaji huandikiana na kubishana kama silaha fulani imeigwa sawasawa au la.

Mwezi Julai, 2021, mchezaji mmoja, aliyejitambulisha kuwa kamanda wa kifaru katika jeshi la Uingereza, hakuridhika na jinsi kifaru cha Challenger 2 kilivyoonyeshwa. Alibishana na wenzake. Alipoona maneno matupu hayatoshi, aliweka mbele yao kurasa za kitabu cha maelekezo cha kifaru hicho. Wasimamizi wa jukwaa waliuliza Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, wakajibiwa kwamba maandishi hayo yalikuwa bado ni siri. Kurasa ziliondolewa, lakini zilikuwa zimekwisha kusomwa. Haikupita miezi mitatu, mtu mwingine akafanya vivyo hivyo juu ya kifaru cha Ufaransa kiitwacho Leclerc. Ubishi wa safari hiyo ulihusu kasi ya kuzunguka kwa sehemu ya juu inayobeba mzinga. Mwaka 2022 zilitokea katika jukwaa hilo hilo habari za risasi ya kutoboa vifaru ya jeshi la China.

Hapana jasusi aliyeruka ukuta ili kupata siri hizo. Hapana kufuli lililovunjwa. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na aliyeufungua alikuwa akitafuta kitu kidogo mno: wenzake wakiri kwamba yeye ndiye anayejua.

Tabia hiyo si ngeni kwa mtu yeyote aliyekaa karibu na wacheza bao chini ya mwembe. Wachezaji ni wawili, lakini watazamaji ni wengi, na daima yupo mmoja asiyeweza kuvumilia. Ataona kete ya kuchezwa, na midomo itamwasha mpaka aseme. Haki yake ni kutazama tu, lakini sifa ya kuonekana fundi humshinda. Katika baraza la bao hasara yake ni ndogo, kwani hukemewa, watu wakacheka, mchezo ukaendelea. Zaidi ya hayo, katika baraza hilo kila mtu anamwona mwenzake. Anamjua kwa jina, kwa ukoo na kwa mtaa anaokaa.

Baraza la intaneti limejengwa vingine. Mtu huona majina kumi anayoyazoea, akadhani anazungumza na marafiki kumi. Hajui ni nani aliye nyuma ya majina hayo, wala hajui ni wangapi wanaosoma pasipo kusema neno. Jambo likishaandikwa hapo halirudi. Linaweza kunakiliwa mara elfu kabla mwandishi wake hajamaliza kikombe cha chai. Wahenga walisema ni heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nao walisema hivyo wakati sauti ya mtu ilikuwa haivuki uwanja wa kijiji.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea Marekani. Jack Teixeira alikuwa askari wa cheo cha chini katika Kikosi cha Anga cha Walinzi wa Taifa wa jimbo la Massachusetts. Kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya mawasiliano ya kompyuta, na kwa ajili hiyo alikuwa na ruhusa ya kuingia mahali penye siri kubwa. Nje ya kazi alikuwa na kikundi cha vijana waliokutana katika mtandao wa Discord, unaopendwa sana na wacheza michezo ya kompyuta. Vijana hao waliongea juu ya michezo, bunduki na mizaha ya kila namna. Tangu mwaka 2022 alianza kuwapelekea habari za siri, kwanza kwa kuzinakili kwa maandishi, baadaye kwa picha za hati zenyewe. Nyingi zilihusu vita vya Ukraine. Hati hizo zilitoka kikundi kimoja zikaingia kingine, kikiwemo kimoja cha wapenzi wa mchezo wa Minecraft, na mwezi Aprili, 2023, dunia nzima ikazisoma.

Teixeira alikamatwa tarehe 13 Aprili, 2023, akiwa na umri wa miaka 21. Mwezi Machi, 2024, alikiri makosa sita, na mwezi Novemba mwaka huo huo alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Lakini habari yake haikuishia kwake. Uchunguzi wa Jeshi la Anga ulionyesha kwamba baadhi ya wenzake na wakubwa wake walikuwa wamemwona akisoma na kuandika mambo yasiyohusu kazi yake, nao hawakupeleka taarifa kamili kunakostahili. Askari na maafisa 15 waliadhibiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Walioshinda naye kazini ndio waliokuwa na nafasi ya kumzuia, na pengine hata ya kumwokoa, kabla maji hayajazidi unga.

Tena, si lazima askari aseme neno ndipo siri itoke. Mwezi Novemba, 2017, kampuni ya Strava, ambayo programu yake huwasaidia watu kupima mazoezi yao ya kukimbia, ilitangaza ramani ya dunia iliyoonyesha mahali wateja wake wanapokimbia. Mwezi Januari, 2018, mwanafunzi mmoja wa Australia aliigundua siri iliyokuwa ndani ya ramani hiyo. Katika nchi kama Syria na Afghanistan, ambako raia wachache sana walikuwa na programu hiyo, mistari ya mwanga ilichora mipaka ya makambi ya kijeshi na njia za ndani yake. Hata kambi ya Wamarekani nchini Djibouti, katika pembe hii ya Afrika, ilionekana. Askari walikuwa wakifanya mazoezi tu, kama amri inavyotaka, na saa za mikononi mwao zikawachorea maadui ramani. Mwezi Agosti, 2018, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya vyombo vyenye kuonyesha mahali mtu alipo katika maeneo ya operesheni.

Je, dawa ni kupiga marufuku simu na michezo yote? Urusi ilitunga sheria mwaka 2019 ya kuwakataza wanajeshi wake kuwa na simu za namna hiyo wawapo kazini. Hata hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, 2023, makombora yaliangukia jengo la chuo mjini Makiivka, mashariki ya Ukraine, ambamo askari wengi wa Urusi walikuwa wamelala. Serikali ya Urusi ilisema kwamba waliokufa walikuwa 89, na kwamba sababu kubwa ilikuwa askari kutumia simu zao, hata adui akajua mahali walipo. Ukraine ilitaja idadi kubwa zaidi. Wapo Warusi waliojibu kwamba lawama ni ya makamanda waliowarundika askari wengi katika jengo moja. Vyovyote iwavyo, sheria ilikuwapo, na simu zilikuwapo pia. Amri isiyoeleweka sababu yake hutiiwa mkaguzi anapopita tu.

Aidha, si haki kuuona mchezo wenyewe kuwa ndio adui. Jeshi la Marekani lilitengeneza mchezo wake lenyewe, America's Army, likautoa mwaka 2002 ili kuwavuta vijana wajiandikishe, na likaufunga mwaka 2022. Kijana aliye katika kambi ya mpakani, mbali na mke na wazazi, hana kosa akicheza na rafiki zake jioni baada ya zamu. Pengine mchezo huo humwepusha na ulevi. Kosa huanza pale anaposahau kwamba, ingawa amevua sare, hajavua kiapo.

Kwa hiyo basi, kinga ya kwanza ni elimu. Kuruta hufundishwa kutunza bunduki mpaka aweze kuifungua na kuifunga gizani. Yampasa afundishwe vivyo hivyo kuijua simu yake: ipi ni programu inayotangaza mahali alipo, picha hubeba habari gani nyuma ya sura za watu, na kikundi cha watu hamsini kina masikio mangapi. Polisi naye yampasa ajue kwamba picha ya kizuizi cha barabarani, au ya mtuhumiwa ambaye upelelezi wake haujakamilika, ikipelekwa kwa marafiki kwa mzaha, inaweza kumwonya mhalifu na kuhatarisha maisha ya shahidi.

Kinga ya pili iko mikononi mwa viongozi wa vikosi. Yule kamanda wa Challenger 2 alijua kazi yake, na alitaka ujuzi wake utambuliwe. Askari anayeulizwa maoni yake katika mafunzo, anayesifiwa mbele ya wenzake kwa ufundi wake, hana haja kubwa ya kutafuta sifa kwa watu asiowaona. Lakini fundi asiyesikilizwa katika bwalo lake atatafuta bwalo jingine, na huko hatachagua wasikilizaji.

Kinga ya tatu ni ya kila askari kwa mwenzake. Kumwambia rafiki, “Futa hiyo,” au kumweleza mkubwa mapema, si usaliti. Walionyamaza kule Massachusetts hawakumsaidia kijana yule.

Ubishi juu ya kifaru cha mchezo huisha kwa mchezaji mmoja kufurahi na mwingine kukasirika, na kesho yake wote wawili huwa wamesahau. Lakini kifaru halisi kina askari ndani yake, nao ni watoto wa watu. Siku watakapokutana na adui aliyekwisha kusoma udhaifu wa chuma kinachowafunika, hapatakuwa na nafasi ya kuanza mchezo upya.