Gari Moja kwa Wote: Vijana wa Mbio za Magari na Mlima Magara

Babati ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Arusha hufika hapa ikagawanyika, moja ikaelekea Singida na nyingine ikaenda Kondoa hata Dodoma, nayo hiyo ya pili ni kipande cha ile njia ndefu ambayo wakoloni waliota kuitoa Cape hadi Cairo. Mji wa namna hii huzaa watu wa magari. Hapa wako madereva wa malori na utingo wao, mafundi wa gereji, wauza spea, waziba pancha, na vijana wa bodaboda wasiohesabika. Hata mkulima wa mbaazi, ambaye hana gari wala hatarajii kuwa nalo, anajua kwa sauti tu kama lori linalopanda kilima limechoka au limezidishiwa mzigo.

Kwa hiyo ndugu msomaji asistaajabu tukizungumza leo habari za ubingwa wa dunia wa mbio za magari kwa vijana. Jambo hili latuhusu, tena latuhusu kuliko wengi wanavyodhani.

Mbio hizi zilianza mwaka 2001, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Mfaransa Sébastien Loeb, ambaye baadaye alitwaa ubingwa wa dunia wa wakubwa mara 9. Mwenzake Sébastien Ogier alishinda ubingwa wa vijana mwaka 2008, na yeye pia amekwisha kuifikia hesabu hiyo ya 9. Hivyo basi si mchezo wa watoto. Ni chuo. Anayetoka humo akiwa wa kwanza huwa amefunguliwa mlango.

Lakini lililotuvutia sisi ni kanuni yake. Tangu mwaka 2022 vijana wote wanaoshindana wamekuwa wakipewa gari la aina moja, Ford Fiesta Rally3, lililotengenezwa na kuhudumiwa na kampuni moja huko Poland. Injini ni ya lita moja na nusu, nguvu zake zapata farasi 215, na magurudumu yote manne huvuta. Matairi ni ya aina moja. Mtoto wa tajiri hawezi kununua injini kubwa kuliko ya mwenzake. Umri nao umewekewa mpaka, usizidi miaka 29 msimu unapoanza. Kila kipande cha mbio anachoshinda dereva humwongezea pointi moja juu ya zile za matokeo ya mwisho, maana yake kijana aliyeharibikiwa siku ya kwanza bado ana sababu ya kupigana siku ya tatu. Na mashindano ya mwisho wa msimu huzaa pointi maradufu.

Wafanyakazi wataielewa kanuni hii upesi. Ukitaka kumjua fundi hodari kati ya mafundi kumi, wape wote spana za namna moja na injini ya namna moja, kisha ukae pembeni utazame.

Msimu wa mwaka 2022 ndio unaostahili kukumbukwa katika Afrika ya Mashariki. Ulianza Sweden katika theluji mwezi Februari, ukaenda Croatia kwenye lami, ukaenda Ureno, ukaenda Estonia penye changarawe laini na mwendo wa kasi, ukamalizika Ugiriki juu ya mawe mwezi Septemba. Bingwa alikuwa Robert Virves wa Estonia. Lakini katika theluji ile ya Sweden alikuwapo kijana wa Kenya, McRae Kimathi, na msoma ramani wake Mwangi Kioni. Mtu aliyejifunza kuendesha katika vumbi la Ikweta alikuwa akikimbiza gari katikati ya kuta za barafu, juu ya matairi yenye misumari! Mashindano mengine ya msimu huo huko Ulaya yaliwaona pia Wakenya wenzake, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome. Hawakutwaa ubingwa, wala hatukutazamia wautwae katika mwaka mmoja. Wenyeji wa mbio zile walikuwa wakizijua njia hizo tangu utoto wao.

Jina la kijana huyo nalo lina habari yake. Baba yake, Phineas Kimathi, ni dereva wa zamani aliyekuja kuwa kiongozi wa mchezo huu nchini Kenya, na mwana alipewa jina la Colin McRae, Mskoti aliyeshinda Safari Rally mwaka 1997, 1999 na 2002. Tunalitaja kwa sababu moja. Mtoto wa namna hiyo hukua ndani ya gereji na kitabu cha ramani kikiwa mezani. Watoto wangapi wa Tanzania wana bahati hiyo? Tukisema wachache tutakuwa tumetia chumvi.

Haikuwa kazi ya baba peke yake, hata hivyo. Makampuni ya Kenya, miongoni mwao Safaricom na shirika la ndege la Kenya Airways, yaliwadhamini vijana wale. Na mwaka huo huo wa 2022, Safari Rally ilipokimbiwa Naivasha, Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3 kwa gari lile lile la Fiesta, akawa mwanamke wa kwanza kushinda daraja hilo katika ubingwa wa dunia. Wale wanaosema kwamba usukani mzito ni wa wanaume, sisi hatuna la kuwajibu zaidi ya hilo.

Sasa turudi nyumbani. Safari ilianzishwa mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, ili kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ilizipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa starehe ya walowezi. Mwafrika alikuwa na kazi yake katika starehe hiyo, nayo ilikuwa kusukuma. Gari lilipozama katika tope wakati wa mvua za Pasaka, wanakijiji walitoka na kamba na mabega yao wakalitoa, kisha likaondoka likiwarushia matope usoni. Katika miaka ya 1960 sehemu mojawapo iliyoogopwa sana na madereva ilikuwa hapa kwetu: mlima Magara, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, njia ya kupanda kutoka bonde la Ziwa Manyara kwenda Mbulu. Kona zake ni kali, kando yake ni korongo, na mvua ikinyesha udongo wake ulikuwa ukigeuka sabuni. Mbio za miaka ile zilikuwa na ukali huo kila mahali. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari zaidi ya themanini yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho.

Kati ya wale walioivunja kasumba ya kwamba mchezo huu una wenyewe alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Huyu alikuwa fundi makanika, tena aliwahi kuajiriwa na chama cha wenye magari kuzunguka barabarani akiwatengenezea wengine magari yao yaliyoharibika. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo iliyokwisha kutumika, wakapewa nambari 1, wakaondoka wa kwanza na wakarudi wa kwanza. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Alijua gari linavyolia kabla halijavunjika, na elimu hiyo haiuzwi dukani.

Mwaka 1972 Safari ilianzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Ufini akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Haukupita muda mrefu mbio zikajifungia ndani ya Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka ukafungwa. Magara ikasahauliwa na dunia. Kenya nayo ilipoteza nafasi yake katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikairudisha mwaka 2021 baada ya miaka 19. Uganda haikulala: mwaka 2024 ubingwa wa Afrika ulikwenda kwa Yasin Nasser na msoma ramani wake Ali Katumba. Tanzania inayo Mkwawa Rally, na inao madereva wenye moyo. Lakini njia ya kumchukua kijana asiye na mali kutoka gereji hadi kwenye usukani hatujaiona.

Hapa twajua tutaulizwa swali, nalo ni swali la haki. Mkulima atasema: ninyi mwazungumza habari za magari ya kukimbizana, na mimi mbaazi zangu zinaozea shambani kwa kukosa njia! Tunamjibu kwamba ana haki ya kutangulia. Hatuombi hata senti moja ya fedha ya barabara itolewe kununulia gari la mbio. Kipande cha lami cha Dodoma hadi Babati, chenye kilomita 251, kilichofunguliwa mwaka 2018, na daraja jipya la Magara, vina thamani kwa wananchi kupita vikombe vyote vya dunia. Gari la Rally3 ni mali ya mamilioni mengi ya shilingi, na anayetaka kulinunua na alinunue kwa fedha za matangazo ya biashara yake.

Tunachokitaka ni kingine, nacho hakihitaji gari hilo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilianzisha mwaka 2021 mpango wa kutafuta vipaji duniani, na wengine walichujwa kwanza kwa mchezo wa kompyuta, wengine kwa kuzungusha gari la kawaida katikati ya vikingi uwanjani, saa mkononi. Kwa njia hiyo alipatikana Max Smart wa Afrika Kusini. Kwa njia hiyo hiyo alipatikana Romet Jürgenson wa Estonia, naye mwaka 2024 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Uwanja, vikingi, saa, na gari moja linalotembea: ni kipi katika hivyo kisichopatikana Babati?

Kuna sababu nyingine inayotusukuma. Kijana wa bodaboda anayependa mwendo wa kasi ataukimbiza tu, na asipopewa mahali pa kuukimbizia ataukimbizia barabarani, penye watoto wa shule na punda wa maji. Alama ya kilomita 50 kwa saa imesimamishwa pale mjini, na kila mmoja wetu amekwisha kuona inavyodharauliwa. Dereva wa mbio, kinyume cha wanavyofikiri watu, ni mtu wa nidhamu. Hufunga mkanda na kofia ngumu. Humsikiliza msoma ramani bila ubishi. Barabara anayokimbilia imefungwa na walinzi, na akitoka humo kwenda kituo kingine hufuata sheria kama dereva wa basi, ama sivyo huadhibiwa.

Basi vyuo vya ufundi stadi vya VETA na vianze na mafundi. Gari moja la mbio lahitaji watu wa injini, wa shokapu, wa umeme, wa matairi, wa kupima muda na wa huduma ya kwanza. Dereva ni mmoja tu kati yao, na msoma ramani wake wa pili. Wenye gereji wa Babati, Mbulu na Katesh wangeweza kuanzisha klabu yao, wakaomba uwanja siku moja katika mwezi, askari wa usalama barabarani wakasimamia, na kila kijana, msichana kwa mvulana, akazunguka vikingi kwa gari lile lile moja. Saa ikaandikwa ubaoni mbele ya watu wote. Na gari likiharibika, mafundi chipukizi walitengeneze pale pale.