Msimbomilia unaosomeka kwenye prufu unaweza kugoma dukani

Na Mwandishi Wetu

MZALISHAJI wa asali, unga wa lishe au sabuni anayetaka bidhaa yake ipokewe katika supamaketi hana budi kuwa na msimbomilia, ile alama ya mistari myeusi na myeupe ambayo mashine ya keshia huisoma kwa mlio mmoja.

Kabla lebo hazijachapwa kwa maelfu, mchapaji humpa mteja prufu, yaani nakala ya majaribio, ili aikague na kuitia saini. Siku hizi prufu hiyo hutumwa kama faili kwa barua pepe, au hutolewa kwenye printa ya kidijitali. Wateja wengi huielekezea simu ya mkononi, namba ikitokea wanaridhika na kusaini.

Saini hiyo ndiyo yenye uzito. Kwa kawaida, kosa lililokuwamo kwenye prufu iliyokubaliwa huwa ni mzigo wa mteja, na lebo zilizokwisha kuchapwa haziwezi kurudi kuwa karatasi tupu.

Kwa bahati mbaya, simu si kipimo. Kamera yake huona rangi zote na programu yake hujitahidi kusoma hata alama mbovu, ilhali skana nyingi za madukani humulika mwanga mwekundu. Mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe hurudisha mwanga huo karibu sawasawa na karatasi yenyewe. Simu itaisoma, kwa skana, mahali pale ni patupu. Mistari ya kahawia nayo ni ya kutiliwa shaka. Nyeusi, au bluu iliyoiva, juu ya nyeupe ni salama, na hata mandhari ya njano hukubalika.

Jambo la kwanza la kuhakiki kwenye prufu ni namba. Msimbo wa kawaida wa bidhaa za rejareja una tarakimu 13, na ya mwisho ni ya uhakiki, inayotokana na zile 12 zilizotangulia. Chukua namba ya mfano 620012345678. Tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea zinajumlishwa kupata 22. Zilizobaki nazo ni 22, zikizidishwa kwa tatu ni 66. Jumla ni 88. Kinachohitajika kufikia 90 ni 2, basi hiyo ndiyo tarakimu ya 13.

Hesabu hiyo hunasa makosa mengi, lakini si yote. Tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa tano, kama 1 na 6, zikibadilishana nafasi hesabu haitambui lolote. Wala haitambui kosa lililo rahisi zaidi kutokea: msanifu kunakili lebo ya sabuni ya mwarobaini ili atengeneze ya mchaichai, akasahau kubadili msimbo. Namba ni sahihi kabisa, ila ni ya bidhaa nyingine. Dawa yake ni kuilinganisha na orodha ya namba ulizopewa, tarakimu kwa tarakimu.

(Tarakimu 620 za mwanzo huonyesha kuwa namba imetolewa na GS1 Tanzania, na 616 ni za Kenya. Hazithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa huko, ingawa wengi huamini hivyo.)

Jambo la pili ni ukubwa, na hapa rula ya mwanafunzi inatosha, mradi prufu imechapwa kwa vipimo vyake halisi. Msimbo wa kawaida una upana wa milimita 37.29 na kimo cha milimita 25.93, ikiwamo nafasi nyeupe ya pembeni. Waweza kupunguzwa hadi asilimia 80 au kukuzwa hadi asilimia 200. Nafasi nyeupe katika ukubwa wa kawaida ni milimita 3.63 kushoto na 2.31 kulia. Si mapambo, ndiyo huiambia skana mistari inaanzia na kuishia wapi. Wasanifu huipenda sana nafasi hiyo kwa kuchora fremu au ua.

Upo pia mtego usioonekana kwa macho. Mstari mwembamba kuliko yote una upana wa milimita 0.33. Printa ya nukta 300 kwa inchi ingehitaji nukta 3.9 kuuchora, na hakuna nukta kasorobo. Mashine huweka nne hapa, tatu pale, na uwiano wa mistari unaharibika. Msimbo ukiandaliwa kwa nukta nne kamili, yaani takriban asilimia 103 ya ukubwa wa kawaida, tatizo linakwisha. Msanifu akiuvuta kwa kipanya baada ya hapo, linarudi.

Lakini yapo mambo ambayo prufu haiwezi kuonyesha, hata ikaguliwe kwa uangalifu wa namna gani. Mitambo inayochapa kwa mabamba laini, itumikayo sana kwa mifuko ya plastiki na maboksi, hukandamiza wino ukatanuka, na mistari hunenepa. Mchapaji mzoefu huipunguza unene mapema kwenye faili. Kwa hiyo prufu yenye mistari inayoonekana kukonda huenda ndiyo iliyo sahihi. Vilevile, prufu huchapwa kwenye karatasi nyeupe inayong'aa wakati bidhaa itakwenda kwenye mfuko wa kaki, ambako tofauti kati ya mstari na nafasi hufifia.

Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 15416 hupima alama iliyochapwa. Kifaa maalumu hupitisha mwanga mara 10 katika sehemu mbalimbali za kimo cha mistari, kisha hutoa daraja kuanzia 4 hadi 0. Kwa bidhaa za rejareja, GS1 hutaka angalau 1.5.

Mteja anaweza kuomba, kabla hajasaini, kwamba nakala za mwanzo kutoka kwenye mtambo wenyewe, kwenye karatasi au plastiki itakayotumika, zipimwe na matokeo yaandikwe kabla ya kazi yote kuendelea. Ombi hilo liwemo kwenye hati ya oda. Likitolewa kwa mdomo mtambo ukiwa tayari unazunguka, huwa limechelewa.