Kuongoza, Kuamuru na Kutumikia: Istilahi za Elimu ya Afisa wa Jeshi

Mtu aliyepata kuhudhuria sherehe ya kufunga mafunzo ya Jeshi la Akiba mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo uanzishwe mwaka 2012, yamkini aliona jambo moja la lugha ambalo aghalabu hupita bila kusemwa. Afisa wa Jeshi la Wananchi anayesimamia mafunzo hayo, ambaye neno lake uwanjani ni amri, hatambulishwi kwa cheo cha kamanda wala mkuu. Huitwa Mshauri wa Jeshi la Akiba wa Wilaya. Mfasiri asiyejua atadhani kuna kosa. Kosa halipo. Mbele ya vijana wa gwaride afisa huyo anaamuru. Mbele ya Mkuu wa Wilaya, ambaye ni mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama, anashauri. Madaraka ni mawili, na cheo kimetokana na lile la pili.

Maandishi yahusuyo elimu ya maafisa hayabaki tena kambini. Chuo cha Taifa cha Ulinzi kilichopo Kunduchi, Dar es Salaam, kilichozinduliwa mwaka 2012, huwaweka katika darasa moja maafisa wa ngazi za juu na watumishi wa Serikali wasio askari. Kwa hiyo hapana budi istilahi zake zieleweke pia kwa mwalimu, karani na afisa tarafa.

Tuanze na uongozi. Kuongoza kunatokana na jamaa moja na kuongoka: ni kumweka mtu katika njia iliyonyooka ili aifuate. Kuamuru kunatokana na amri, neno la Kiarabu ambalo shina lake ndilo lililotupa pia amiri. Anayeamuru hutiiwa kwa sababu ya cheo, anayeongoza hufuatwa. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 33, inampa Rais sifa tatu: Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Kila sifa ina neno lake, na mfasiri anayeandika “kiongozi” mahali pote anafuta tofauti ambayo sheria imeitunza.

Tofauti hii ina historia. Askari wa Tanganyika Rifles walipoasi mwezi Januari 1964, maafisa wao wengi walikuwa Waingereza, na mojawapo ya madai ya waasi lilikuwa kwamba nafasi hizo zishikwe na Waafrika. Jeshi lile lilivunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa tarehe 1 Septemba 1964. Chuo cha maafisa cha Monduli baadaye kilijulikana kuwa ni Chuo cha Taifa cha Uongozi. Jina hilo, kwa maoni yetu, halikuwa pambo: amri peke yake ilikwisha kuonekana kuwa haitoshi.

Mwalimu wa Bariadi hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Katika Kisukuma mtemi hunasibishwa na kitenzi cha kutema, yaani kukata, na wako wanaolieleza kuwa ni kukata shauri. Nsumba ntale, “kijana mkubwa”, alichaguliwa na vijana wenzake awaongoze katika kazi za pamoja za shambani. Na sungusungu walipoanza katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa mifugo, waliwapa watu wao vyeo vya mtemi, katibu na kamanda. Wanakijiji waliogawanya kazi hizo hawakusubiri baraza lolote liwasanifishie istilahi.

Neno linalowatatiza wengi ni unadhimu. Arusha kipo Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, Duluti, na magazeti humtaja Mnadhimu Mkuu bila kumweleza. Asili yake ni neno la Kiarabu la kupanga vitu kwa utaratibu, kama shanga katika uzi. Humo ndimo lilimotoka nidhamu, na humo pia ndimo lilimotoka kunudhumu, kitenzi cha malenga atungaye shairi. Mnadhimu, basi, hupanga kazi ili amri ya kamanda itekelezeke: chakula, safari, habari za adui, idadi ya watu. Kumwita “mfanyakazi wa makao makuu”, kama tulivyosoma katika tafsiri moja, ni kumnyang'anya elimu yake.

Sasa mkakati. Istilahi ambayo lugha za Ulaya hutumia kwa dhana hii ilitokana na jina la Kigiriki la jemadari, kiongozi wa jeshi. Yaani ilikuwa ni kazi ya mtu mmoja mwenye kuona vita vyote. Kwetu neno limeshuka thamani, hata kila barua ya ofisi ina mkakati. Wanajeshi hutenga ngazi tatu, nasi tunaweza kuzionyesha kwa zao la pamba la Simiyu. Mkoa ukiamua kwamba pamba yake isiuzwe ghafi bali isokotwe nyumbani, huo ni mkakati. Kugawa mbegu na dawa wilaya zote kwa msimu mmoja ni operesheni. Kupanda kwa mistari ni mbinu. Hata hivyo, neno la pili linataka hadhari. Katika vijiji vya Bariadi, ambavyo zamani vilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, bado wapo wazee wanaoikumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishwa, wengine kwa nguvu. Tangazo la “operesheni ya mbegu” laweza kuwatisha watu ambao lilikusudiwa kuwasaidia. Afadhali kuandika kampeni, ambalo nalo lilitoka vitani lakini limekwisha kusahau kwao.

Limebaki neno la utumishi. Watu wengi hulichanganya na huduma. Huduma ni kile anachopewa mwananchi. Utumishi ni hali ya yule anayekitoa, na asili yake ni kutuma: mtumishi ni mwenye kutumwa. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba miaka ya afisa jeshini iandikwe “utumishi wa jeshi”, na kwamba “huduma za jeshi” yaachiwe mambo kama vile hospitali zake zinazowatibu raia.