Umoja kwa Gharama ya Nani?

Muhula uliopita, katika semina ya riwaya, nilisema kwamba Tea Cake, yule bwana anayependwa na wasomaji wengi wa *Their Eyes Were Watching God*, alimpiga mkewe, na kwamba mhakiki hana ruhusa ya kuliruka jambo hilo. Mwenzetu mmoja akanijibu: "Dada, acha hizo. Watu weusi Marekani walikuwa wananyongwa na Wazungu, wewe unahangaika na kofi la chumbani?" Darasa zima likacheka. Nami, nakiri, nikacheka nao. Makala hii ni jibu ambalo siku ile sikuwa nalo.

Tuanze na maana. Ufeministi wa wanawake weusi ni mtazamo unaodai kwamba ubaguzi wa rangi, mfumo dume na unyonyaji wa kitabaka havimjii mwanamke mweusi kwa zamu. Vinamjia kwa pamoja. Mwaka 1977 kikundi cha Combahee River Collective cha Boston kilitoa tamko lenye msimamo huo. Jina lake lilitokana na mto wa South Carolina ambako mwaka 1863 Harriet Tubman aliongoza msafara wa kijeshi uliowakomboa watumwa zaidi ya 700. Wanawake hawa walikuwa wamechoka huku na huku: katika harakati za wanawake waliosikilizwa ni Wazungu, na katika harakati za weusi waliosikilizwa ni wanaume.

Msomaji anayeona hizi ni nadharia tupu aitazame kesi moja. Wanawake weusi watano waliishitaki kampuni ya General Motors. Kampuni ilipopunguza wafanyakazi ilianza na walioajiriwa mwisho, na wanawake weusi ndio waliokuwa wamechelewa kuajiriwa. Mwaka 1976 mahakama ilisema kampuni ilikuwa imeajiri wanawake siku nyingi, hivyo hakuna ubaguzi wa kijinsia. Kumbe wanawake wenyewe walikuwa Wazungu! Wadai wakaambiwa wachague: ama wadai kama wanawake, ama kama weusi, siyo vyote viwili. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo na kumfananisha mwanamke mweusi na mtu aliyesimama kwenye njia panda, ambaye anaweza kugongwa na gari kutoka upande wowote.

Sasa turudi kwa Janie, mhusika mkuu wa riwaya hii ya Zora Neale Hurston ya mwaka 1937. Bibi yake anamwoza kwa mzee mwenye shamba la ekari 60, akiamini ardhi itamkinga. Mume wa pili, Joe Starks, anakuwa meya, anamfunika nywele kwa kitambaa ili wanaume wengine wasizione, na anamkataza kuchangia mazungumzo barazani. Wa tatu ni Tea Cake. Huyu anamfundisha kucheza drafti, wanafanya kazi pamoja, wanacheka pamoja. Halafu anampiga. Janie hajakosa lolote. Kuna mama mmoja anayetaka kumuunganisha na kaka yake, basi Tea Cake anataka watu wajue mwanamke huyu ni wa nani. Wanaume wenzake wanamsifu kwa hilo.

Hapo ndipo ninapomwona Hurston kuwa mwandishi mkubwa. Hakumfanya Tea Cake shetani. Angekuwa shetani, kazi yetu ingekuwa rahisi: tungemlaani, tukafunga kitabu. Ametuonyesha kwamba mfumo dume unaingia hata kwa mtu anayependa kweli. bell hooks, ambaye jina lake alilipenda kwa herufi ndogo, aliandika katika *All About Love* (2000) kwamba mapenzi na unyanyasaji haviwezi kukaa pamoja. Janie anasamehe, ila msomaji halazimiki kusahau.

Hata hivyo, hofu ya mwenzetu yule si upuuzi. Wazungu wa Kusini walitumia hadithi za ukatili wa mwanamume mweusi kuhalalisha kunyonga watu. Lakini tujiulize, nani alisimama kuwatetea wanaume hao? Mwaka 1892 ni mwanamke mweusi, Ida B. Wells, aliyeandika kuufichua uongo huo, na ofisi ya gazeti lake mjini Memphis ikavunjwa. Mwanamke alitetea shingo ya mwanamume. Akidai naye atetewe shavu lake, anaambiwa anavunja umoja! Richard Wright mwenyewe, mwandishi mweusi mashuhuri, aliilaumu riwaya ya Hurston mwaka huohuo wa 1937 kwamba haina ujumbe. Hurston alifariki mwaka 1960, akazikwa Florida katika kaburi lisilo na alama hadi Alice Walker alipoliwekea jiwe mwaka 1973.

Hoja hii haijabaki vitabuni. Mwaka 1993 Queen Latifah alitoa wimbo "U.N.I.T.Y.", uliompatia tuzo ya Grammy mwaka 1995. Anawakemea wanaume wanaowatukana wanawake, wanaowashika barabarani na wanaowapiga nyumbani. Angalia jina la wimbo: umoja. Hakuuhama muziki wa rap wala hakuwakana kaka zake. Anautaka umoja, lakini anaupangia masharti.

Nausikiliza wimbo huu nikiwa kwenye daladala, na naelewa bila mkalimani. Kijana wa kituoni ananiita "mtoto mzuri". Nisipoitika, papo hapo ninageuka "unaringa, kwani una nini?" Jioni hosteli tunacheza nyimbo zinazotutukana, tena maneno tunayajua yote. Simnyoshei mtu kidole hapa, maana hata mimi nacheza.

Basi, kwa mwenzangu wa semina: swali lako lilikuwa zuri, ila ulimuuliza asiyehusika. Badala ya kuniuliza kwa nini nahangaika na kofi la chumbani, muulize Tea Cake kwa nini, katika nchi iliyokuwa inawaua weusi, alipata nafasi ya kumpiga mweusi mwenzake. Umoja ambao kila siku unamtaka mtu yuleyule anyamaze, gharama yake analipa yeye peke yake. Semina ijayo nitalisema tena, na safari hii sitacheka.