Kuvu ya Mchele Iliyozaa Dawa ya Moyo

Mama wa nyumbani auonapo mchele umeota kuvu huumwaga jaani, naye afanya vyema. Hata hivyo, katika kuvu ya namna hiyo ndimo ilimopatikana dawa iliyowaletea nafuu mamilioni ya watu wenye maradhi ya moyo.

Mvumbuzi wake ni Dk. Akira Endo, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1933 katika jamaa ya wakulima wa Akita, kaskazini ya Japani. Alipokuwa New York katika miaka ya 1960 alishuhudia jinsi maradhi ya moyo yalivyowaua watu wengi. Ilikwishajulikana kwamba kolesteroli, yaani aina ya mafuta iliyomo katika damu, ikizidi hujijenga katika kuta za mishipa na kuiziba. Na kwamba sehemu yake kubwa hutengenezwa na ini lenyewe. Dk. Endo akawaza: ikiwa kuvu ndiyo iliyotupatia penisilini, huenda iko nyingine iwezayo kulizuia ini kutengeneza kolesteroli.

Kuvu 6,000

Mwaka 1971, katika kampuni ya Sankyo mjini Tokyo, yeye na wasaidizi wachache walianza kupima kuvu moja baada ya nyingine. Kwa muda wa miaka miwili walipima zaidi ya aina 6,000. Mwaka 1973 wakaipata waliyoitafuta, katika kuvu iliyotoka kwenye mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Dawa hiyo, kompaktini, ilikizuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengenezea kolesteroli.

Lakini panya waliopewa dawa hawakuonyesha badiliko, na kazi yote ikakaribia kuachwa. Ndipo ilipojaribiwa kwa kuku watagao, ambao damu yao ina kolesteroli nyingi kwa ajili ya kiini cha yai. Ikashuka sana, na kwa mbwa vivyo hivyo.

Mwaka 1978 Dk. Akira Yamamoto wa Osaka alimpa dawa mgonjwa mwenye kolesteroli nyingi ya kurithi. Kolesteroli ilipungua, ila misuli ililegea. Dawa ikasimamishwa, nguvu zikarudi, na wagonjwa waliofuata wakapewa kipimo kidogo zaidi.

Mwaka 1980 Sankyo iliiacha kompaktini kwa hofu ya madhara yaliyodhaniwa kuonekana kwa mbwa waliopewa vipimo vikubwa mno. Dawa ndugu yake, lovastatini ya kampuni ya Merck, ndiyo iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987. Mwaka 1994 uchunguzi wa wagonjwa 4,444 katika nchi za Skandinavia ulionyesha kuwa dawa ya jamii hiyo ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Dk. Endo alifariki Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 90.

La kuzingatia nyumbani

Dawa hizi huitwa statini. Yapasa zitumiwe kwa agizo la daktari, wala jirani asimgawie jirani. Mja mzito amwulize daktari kwanza. Anayehisi maumivu ya misuli asinyamaze, wala asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Kupunguza mafuta, kuacha sigara na kutembea kwa miguu havina badala.

Na nafaka iliyoota kuvu itupwe kama kawaida: kuvu ile ile iliyotoa kompaktini hutoa pia sumu iharibuyo mafigo.